Alama Hazirudi, au Zinarudi Kupita Kiasi: Kutafuta Kasoro Katika Utafiti wa Kuweka Samaki Alama

Utafiti wa kuweka samaki alama na kuwavua tena unasimama juu ya hesabu fupi. Unawawekea alama samaki M, unawaachia, unawapa muda wa kuchanganyika na wenzao. Kisha unavua samaki C, na kati yao R wanakutwa na alama. Hesabu hii ina jina la C. G. J. Petersen, mtafiti wa Denmark aliyewawekea alama samaki bapa wa Limfjord mwishoni mwa karne ya 19. Umbo linalotumika zaidi leo ni lile la mtakwimu Chapman la mwaka 1951:

N = (M + 1) × (C + 1) ÷ (R + 1) − 1

N ni idadi ya samaki wote unayoikadiria. R iko chini ya mstari wa kugawanya, kwa hiyo kila kinachoipunguza R kinaipandisha N. Samaki mwenye alama akifa, alama ikidondoka, mvuvi akikaa kimya na alama aliyoiona: yote matatu yanakuambia samaki ni wengi kuliko walivyo. Kosa la upande huu ndilo baya zaidi, kwa sababu samaki wanaodhaniwa kuwa wengi huruhusiwa kuvuliwa zaidi. Mwongozo huu unaanza na dalili unayoiona kwenye daftari, kisha unarudi nyuma hadi kwenye ndoo, sindano na pwani wanakoteremshia samaki.

Waliorudi ni wachache: je, kweli ni wachache?

Kabla ya kulaumu chochote, kokotoa R uliyopaswa kuitarajia: M × C ÷ N, ukitumia N unayoikisia kwa busara. Tuseme uliweka alama samaki 400, ukavua tena 300, na unakisia wapo 3,000. R tarajiwa ni 40. Ukipata 35 hakuna kasoro, hayo ni mabadiliko ya kawaida ya bahati. Ukipata 6, kuna kitu kimevunjika.

Lakini kama siku ya pili ulivua samaki 50 tu, R tarajiwa ni chini ya 7, na hiyo 6 haina ubaya wowote. Shida yako hapo ni mpango: sampuli ni ndogo. Kanuni ya kazi ni kupata R isiyopungua 7 ili fomula isiegemee upande mmoja, ila hata 7 inakupa makadirio mapana mno ya kufanyia uamuzi. Kwa M = 400, C = 300 na R = 35, N inatoka takriban 3,350, na ukingo wa asilimia 95, yaani eneo ambamo idadi halisi huenda imo, unaanzia karibu 2,380 hadi 4,320. Hiyo ni R ya 35! Anayetoa makadirio kwa R ya 4 bila kuandika ukingo wake anawapotosha watakaoyatumia.

Samaki wanalala ubavu baada ya kuachiwa

Samaki aliyekuwa sawa ndani ya ndoo anaweza kufa saa thelathini baadaye mahali usipomwona. Njia ya kujua ni kizimba. Chukua samaki 60 wa mvuo mmoja na wa ukubwa unaolingana. Wote 60 wapitie kila kitu sawasawa: dawa kama unaitumia, ubao wa kupimia, muda wa kukaa nje ya maji. Tofauti iwe moja tu, kwamba 30 wanachomwa alama na 30 hawachomwi. Waweke pamoja kwenye kizimba kilichozama majini kwa saa 48, ukiwahesabu asubuhi na jioni.

Wakifa wengi wa makundi yote mawili, sindano haina hatia. Chunguza mtego, joto, hewa na dawa. Wakifa zaidi wenye alama, tatizo liko kwenye kidonda au kwenye ukubwa wa alama.

Joto na hewa ndivyo vinavyoua wengi. Maji ya vuguvugu hushika oksijeni kidogo, na samaki aliyepambana na wavu anaihitaji zaidi ya kawaida. Weka alama alfajiri. Maji ya ndoo yasizidi ya ziwa au mto kwa zaidi ya nyuzi 2 za Selsiasi, na oksijeni isishuke chini ya miligramu 5 kwa lita. Kama huna kipimo, tazama samaki: wakipanda juu na kupumulia uso wa maji, umeshachelewa. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri inasaidia, ila kupunguza idadi ya samaki kwenye ndoo kunasaidia zaidi. Kwa samaki wa maji baridi, gramu 5 za chumvi isiyo na iodini kwa kila lita ya maji ya kuwapumzishia hupunguza msongo. Nje ya maji, sekunde 30 kwa mara moja zinatosha kwa mtu aliyejipanga. Anayehitaji dakika mbili hajapanga vifaa vyake mezani.

Ukungu mweupe kama pamba unaota mgongoni siku kadhaa baadaye? Hiyo ni kazi ya mikono mikavu, ubao mkavu au wavu wenye mafundo. Ute wa samaki ndio ngozi yake ya nje dhidi ya vimelea, na ukishafutwa haurudi jioni ile. Lowesha kila kinachomgusa, glavu pia, na tumia wavu wa kuopolea usio na mafundo.

Macho yaliyotoka, tumbo lililovimba, au mfuko wa chakula unaochungulia mdomoni vinaonyesha samaki ametolewa kwenye kina kirefu haraka mno. Kibofu chake cha hewa kimetanuka na hawezi kuzama tena. Usimwachie juu ya maji, ataliwa na ndege. Mrudishe chini kwa uzito wenye klipu inayofunguka kwenye kina alikotoka, au kwa kreti iliyogeuzwa yenye uzito. Kumtoboa kwa sindano ili hewa itoke ni njia ya pili, na kwa mkono usiozoea hutoboa ini au utumbo. Iliyo bora ni kuvua kwenye kina kidogo zaidi, au kutowaweka alama kabisa wenye dalili hizo. Mwenye dalili asiingie kwenye M.

Kuhusu dawa ya usingizi: kwa alama za nje za kuchomeka, mara nyingi haihitajiki. Susu ya sponji iliyolowa na kitambaa chenye maji juu ya macho humtuliza samaki kwa sekunde kumi zinazotakiwa. Dawa inahitajika kwa upasuaji, na kwa samaki wadogo wanaohangaika. Ukitumia MS-222, kiwango cha kawaida cha kazi hii ni miligramu 50 hadi 100 kwa lita. Ongeza baikaboneti ya sodiamu yenye uzito sawa na dawa au mara mbili yake, kwa sababu dawa hii huyafanya maji yawe na asidi, hasa maji laini. Samaki wanaorusharusha mikia mara tu wanapoingia kwenye beseni wanakuambia umesahau baikaboneti. Mafuta ya karafuu hayayeyuki majini yenyewe. Changanya sehemu 1 ya mafuta na sehemu 9 za ethanoli, kisha weka mililita 4 za mchanganyiko huo kwenye lita 10 za maji, sawa na takriban miligramu 40 kwa lita. Ukiona matone yanaelea juu, dozi haijasambaa, na samaki wa kwanza atapata nyingi kuliko wa kumi.

Samaki alale ndani ya dakika 3 na aamke ndani ya dakika 5. Asiyeamka kwa muda huo ama alikaa kwenye dawa mno, ama maji ya kumwamshia hayana hewa. Na kumbuka atakayemla. Nchini Marekani samaki aliyepewa MS-222 hapaswi kuliwa kabla ya siku 21, na mafuta ya karafuu hayajaidhinishwa huko kwa samaki wa chakula. Soma sheria ya mahali unapofanyia kazi kabla ya kumwachia samaki ambaye kesho anaweza kuwa sokoni.

Alama zinadondoka

Dalili yake ni kovu. Mtazame samaki chini ya pezi la mgongo: doa dogo la duara, lililopauka, lisilo na gamba au lenye gamba moja lililoota upande. Fomu ya kuvulia tena iwe na safu ya kovu, la sivyo wasaidizi wataliona na kulipita.

Kwa alama yenye kichwa cha T, chanzo karibu kila mara ni namna ilivyochomekwa. Chini ya pezi la mgongo kuna safu ya mifupa midogo inayolibeba pezi. Kichwa cha T kinatakiwa kipite katikati ya mifupa hiyo na kugeukia upande wa pili, kama kifungo kilichopita tundu lake. Kikibaki kwenye nyama upande wa kuingilia, mwili utakisukuma nje ndani ya wiki chache.

Utaratibu ni huu. Ng'oa gamba moja, chini kidogo ya nusu ya nyuma ya pezi. Ingiza sindano kwa mshazari wa nyuzi 45 ikielekea kichwani, ili mkia wa alama ulale ukielekea nyuma samaki anapoogelea. Utasikia mkwaruzo mdogo sindano inapopita kati ya mifupa. Bonyeza kifyatuo hadi mwisho, zungusha bunduki ya kuchomekea alama robo mzunguko ili T ijitenge na sindano, kisha chomoa. Ivute alama kidogo kwa vidole viwili. Ikisogea nje, iondoe na umhesabu samaki huyo kuwa hana alama, au uchomeke nyingine upande wa pili.

Jifunzeni kwa samaki waliokufa. Kila anayeshika bunduki achomeke alama kwa samaki ishirini hivi, kisha wapasuliwe mmoja mmoja kutoka mgongoni kutazama T imekaa wapi. Hakuna mafunzo ya darasani yanayofikia dakika ile mtu anapoona T yake imelala kwenye nyama, milimita mbili kabla ya mfupa.

Vyanzo vingine ni sindano butu, ambayo huacha tundu lililochanika badala ya kitobo safi (ibadilishe mara inapoanza kuhitaji nguvu). Sindano isiyosafishwa, ambayo dawa yake ni ethanoli ya asilimia 70 kati ya samaki na samaki, ikisuuzwa kabla ya kutumika. Na alama ndefu kwa samaki mdogo, ambayo hunasa majani ya majini na nyuzi za jarife na kung'oka pole pole. Alama iliyoota mwani husababisha hayohayo.

Kupima upotevu, weka alama mbili kwa sehemu ya samaki, moja kila upande. Waliorudi na zote mbili waite n2, waliorudi na moja n1. Uwezekano wa alama moja kubaki ni:

p = 2 × n2 ÷ (2 × n2 + n1)

Kwa n2 = 46 na n1 = 8, p ni 92 ÷ 100, yaani 0.92. Aliyewekewa alama moja ana nafasi ya asilimia 8 ya kuipoteza. Aliyewekewa mbili ana nafasi ya kupoteza zote ya 0.08 × 0.08, yaani 0.0064. Fomula hii inadhani alama moja kudondoka hakuhusiani na kudondoka kwa nyingine. Kama ni jarife linalozing'oa zote kwa pamoja, upotevu halisi ni mkubwa kuliko fomula inavyosema.

Kisha panga matokeo kwa aliyeweka alama. Kwenye timu ya watu wanne, si ajabu upotevu mwingi ukatoka kwa mkono mmoja. Namba za alama zigawiwe kwa mfuatano kwa kila mtu na ziandikwe, ili swali hili liweze kujibiwa bila kumshuku yeyote kwa hisia.

Alama ipo, kisomaji kiko kimya

Hili linahusu alama za kielektroniki za ndani, zile punje za kioo zenye chipu. Alama haina betri. Huamshwa na uga wa kisomaji, kwa hiyo kimya kina sababu chache, nazo zipimwe kwa mpangilio huu.

Kwanza, jaribu kisomaji kwa alama unayoijua ni nzima. Isiposomeka, ni betri au kisomaji chenyewe. Alama nyingi za sasa hufanya kazi kwa 134.2 kHz, na kisomaji cha zamani cha 125 kHz pekee hakitaziona kabisa. Vilevile kuna familia mbili za mawimbi, FDX na HDX, na kisomaji cha moja si lazima kisome nyingine. Pili, toa chuma. Meza ya bati, bakuli la chuma, injini ya boti inayounguruma karibu, vyote hufupisha umbali wa kusoma. Fanyia kazi juu ya plastiki au mbao. Tatu, geuza samaki. Alama husomeka vizuri zaidi urefu wake ukielekea kupita kwenye tundu la antena, na husomeka vibaya ukilala sambamba na bapa lake. Nne, alama mbili ndani ya uga mmoja huzibiana sauti, kwa hiyo usipitishe kisomaji juu ya ndoo nzima.

Kama yote ni sawa, huenda alama haimo. Iliyowekwa kwenye uwazi wa tumbo inaweza kutoka kwa jike pamoja na mayai wakati wa kutaga. Iliyowekwa kwenye nyama ya mgongo hukaa zaidi, ila inaweza kufika kwenye sahani ya mtu, na kwa samaki wanaoliwa hilo linatosha kuikataa. Soma kila alama mara mbili, kabla ya kuichoma na ikiwa ndani ya samaki. Usomaji wa kwanza peke yake hauthibitishi kwamba alama iliingia.

Wavuvi hawaleti alama

Kama sampuli ya pili inatoka kwa wavuvi, R yako ni alama zilizoripotiwa, nazo ni pungufu kuliko zilizovuliwa. Sababu ni za kawaida kabisa: samaki hupakuliwa usiku, alama ina rangi ya mwani, maandishi yamefutika, anwani haieleweki, zawadi ya mwaka jana haikulipwa, au mvuvi anahofia kwamba akisema alikovua eneo lake litafungwa. Hofu hiyo ina msingi, na anayeipuuza atakosa alama kwa haki. Waambie wavuvi mapema taarifa zitatumikaje, na zawadi ilipwe pale pale. Kila aliyeleta alama apewe pia jibu: samaki huyu aliwekwa alama wapi, lini, na amekua kiasi gani.

Kiwango cha kuripoti kinapimika. Baadhi ya alama ziandikwe zawadi kubwa kiasi kwamba hakuna atakayeiacha. Ikiwa kati ya alama 200 za kawaida zimerudi 18, asilimia 9, na kati ya alama 50 za zawadi kubwa zimerudi 9, asilimia 18, basi wavuvi wanaripoti takriban nusu ya alama za kawaida. Njia nyingine ni kupenyeza alama kwa siri kwenye samaki waliokwisha vuliwa, kisha kuhesabu zinazofika mezani kwako.

Waliorudi ni wengi kupita kiasi

R kubwa mno humaanisha N ndogo mno. Karibu kila mara umewavua tena palepale ulipowaachia, kabla hawajatawanyika. Chora ramani: ikiwa uwiano wa wenye alama ni 1 kwa 4 karibu na pa kuachilia na 1 kwa 30 upande wa pili wa ziwa, hawajachanganyika. Ongeza siku za kusubiri, na mara nyingine waachie kwenye vituo vingi badala ya kimoja.

Chanzo cha pili ni mtego wenyewe. Dema lenye chambo huwazoesha baadhi ya samaki kurudi, ilhali aliyeponea kwenye jarife hulikwepa, na hapo R hupungua. Kuvua mara ya kwanza kwa kifaa kimoja na mara ya pili kwa kingine kunapunguza kasoro hii. Kisha gawanya samaki kwa madaraja ya urefu. Macho ya wavu huchagua ukubwa, na ukubwa ule ule unaonaswa leo ndio ulionaswa juzi. Kila daraja lihesabiwe peke yake, halafu N zijumlishwe.

Samaki "amepungua" urefu

Samaki aliyepimwa sentimita 31.4 anarudi miezi mitatu baadaye akiwa 30.2. Kwanza angalia kipimo kilichotumika: urefu hadi ncha ya mkia, hadi kwenye uma wa mkia, au hadi mwisho wa mwili bila pezi la mkia? Fomu isiyotaja kipimo ndiyo mwanzo wa makosa haya. Pili, namba ya alama: 6 na 9, 1 na 7, 3 na 8 hubadilishana mahali kwa urahisi zikiloa, kwa hiyo namba isomwe kwa sauti na mwandishi airudie. Tatu, samaki aliyegandishwa hufupika. Ukishaondoa hizo, pima samaki 20 mara mbili kwa watu wawili tofauti. Tofauti ya kawaida kati ya vipimo vyao ndiyo mpaka wa kosa unalopaswa kulivumilia. Usifute samaki "waliopungua" peke yao ukawaacha waliokua kupita kiasi kwa kosa hilohilo, kwa sababu ukuaji wako wa wastani utapanda bila sababu.

Kurekebisha hesabu baada ya kujua chanzo

Vifo vya kuwekwa alama na alama zilizodondoka hupunguza M. Alama zisizoripotiwa hupunguza R, kwa hiyo marekebisho yake huiongeza. Kwa mfano wa mwanzo, tuseme kizimba kimeonyesha asilimia 5 wanakufa kwa sababu ya alama, na samaki wote walibeba alama mbili zenye p ya 0.92. M halisi ni 400 × 0.95 × 0.9936, takriban 378. N inashuka kutoka karibu 3,350 hadi karibu 3,170. Kama kiwango cha kuripoti kilipimwa, gawanya R kwa kiwango hicho kabla ya kuiweka kwenye fomula, na ukingo wa makosa upanuliwe kwa sababu kiwango hicho chenyewe ni makadirio.

Vifo vya kawaida, vinavyowapata wenye alama na wasio nazo sawasawa, usivirekebishe. Uwiano haubadiliki, na N inabaki ni idadi ya siku ulipoachilia. Wakiingia samaki wapya na hakuna waliokufa, N ni idadi ya siku ulipovua tena. Yakitokea yote mawili, N haielezi siku yoyote, na fomula ya sampuli mbili haikufai tena. Hapo panga mizunguko mitatu au zaidi ya kuweka alama na kuvua, kila samaki akiwa na namba yake, na utumie modeli ya Jolly na Seber, inayoruhusu vifo na samaki wapya.